Mark Twain: Safari moja, mavuno mengi

SAMUEL Langhorne Clemens, anayejulikana duniani kwa jina la Mark Twain, alizaliwa Novemba 30, 1835, katika jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake alifariki mwaka 1847, na kijana huyo akaanza kujifunza kazi ya uchapaji. Baadaye alikuwa rubani wa meli za mto Mississippi, mtafuta madini na mwandishi wa habari.

Wengi wanamkumbuka kwa vitabu vyake, lakini alijua pia kuuza malighafi moja katika masoko kadhaa.

Mwaka 1866 gazeti la Sacramento Union lilimtuma visiwa vya Hawaii kwa malipo ya dola 20 kwa kila barua. Akiwa huko, walifika mabaharia wa meli ya Hornet iliyoungua baharini, waliokaa siku 43 ndani ya mashua. Twain aliwahoji na kulipelekea gazeti habari hiyo. Kisha, kwa kisa kile kile, aliandika makala iliyotoka Desemba mwaka huo katika jarida la Harper's la New York.

Oktoba 2, 1866, alisimama jukwaani San Francisco na kuhadithia Hawaii mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1872 sehemu ya barua zile iliingia katika kitabu chake, Roughing It. Gharama za safari zilikuwa za mara moja, mapato yakaja mara nne.

Hata hivyo, njia hiyo nusura imfungie mlango. Mwaka 1867 gazeti la Alta California lilimlipia nauli ya dola 1,250 asafiri kwa meli ya Quaker City hadi Ulaya na Nchi Takatifu, naye akawa analiandikia barua. Aliporudi, kampuni moja ya Hartford ilitaka kitabu. Lakini hakimiliki ya barua ilikuwa mikononi mwa gazeti, nalo lilipanga kutoa kitabu chake.

Ilimbidi Twain aende San Francisco mwaka 1868 kuzungumza na wamiliki, wakakubali kumwachia. Akaziandika barua upya, na mwaka 1869 kikatoka The Innocents Abroad. Mawakala walikiuza nyumba kwa nyumba, naye akipata mrabaha wa asilimia tano. Makumi ya maelfu ya nakala yalinunuliwa.

Uwekezaji katika mashine ya kupanga herufi ulimtia hasara kubwa, na mwaka 1894 kampuni yake ya uchapishaji ilifilisika. Akazunguka dunia akitoa mihadhara mwaka 1895 na 1896, kisha safari hiyo hiyo akaigeuza kitabu mwaka 1897. Wadai wote wakalipwa. Alifariki Aprili 21, 1910.

Mkulima aliyeuza mahindi yakiwa bado shambani hana la kusema bei inapopanda. Ndivyo ilivyo kwa mwandishi, mpiga picha au fundi. Kabla ya kupokea fedha, afahamu kama anauza matumizi ya mara moja au anauza haki zote.