Kumbukumbu ya Marehemu Allidina Visram, Mwenye Duka

Ni desturi yetu, ndugu wanachama na wazee wetu waheshimiwa, kutenga ukurasa mmoja wa taarifa hii kwa ajili ya mtu aliyetutangulia. Mwaka huu twamkumbuka mwenye duka. Wazee kadhaa waliuliza kikaoni kwa nini tumtaje Mhindi, tena aliyefariki mwaka 1916, hali mto wetu una watu wake. Swali hilo ni la haki, nasi hatukulipuuza. Lakini kila mtu wa Garsen ajua maana ya duka wakati Mto Tana unapofurika na barabara ikakatika. Magari hayaji, unga wapanda bei, na mwenye duka ndiye aamuaye nani atakula kwa deni na nani atarudi kwake mikono mitupu. Kwa hiyo tumeona kwamba maisha ya mtu huyu yatuhusu.

Allidina Visram alizaliwa Kutch, nchi ya India, mwaka 1851, katika jamaa ya Waismailia. Alivuka bahari akiwa na umri wa miaka 12, hata hakupata nafasi ya kusoma sana, akaingia kazini kwa tajiri Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, mtayarishaji wa misafara ya bara. Misafara ile ilichukua nguo, shanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu. Baadaye kijana alianza biashara yake mwenyewe, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya kazi ile ilimwangukia yeye.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakitandika reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Allidina aliifuata reli ile kituo hata kituo, akifungua maduka na kuwauzia chakula na nguo wale waliokuwa wakiijenga. Kwingine aliitangulia, maana huko Kampala alikwisha kufungua duka kabla gari la moshi halijafika ziwani. Asidhani msomaji kuwa yalikuwa majumba makubwa. Mengi yalikuwa vibanda vya mabati vyenye chumvi, nguo, mafuta ya taa na sabuni. Lakini mkulima aliyeleta ufuta au ngozi yake aliweza kurudi na fedha mkononi, jambo ambalo sehemu nyingi halikuwapo kabla yake.

Twapenda kueleza utaratibu wake wa kukopesha, kwa kuwa ndio uliomjengea heshima. Kijana aliyetoka India bila kitu alipewa shehena ya bidhaa kwa amana tu. Akiuza, hulipa, akilipa, hupewa nyingine, hata siku moja akawa na duka lake mwenyewe. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Kenya na Uganda walianza hivyo, naye hakuwaonea wivu walipogeuka kuwa washindani wake. Tena mkono wake haukuwa mzito katika sadaka. Ingawa yeye alikuwa Mwislamu, alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe huko Kampala.

Hata hivyo hatutaki kumpaka rangi asiyokuwa nayo. Faida yake ya kwanza ilitoka katika pembe za ndovu, na mizigo ile ilibebwa mabegani mwa watu. Amana yake nayo iliwafikia zaidi watu wa kwao. Mwafrika alisimama upande wa mbele wa meza ya duka, si upande wa nyuma, na sheria za ukoloni zilimfungia mlango wa mkopo wa biashara. Wazee walioinua swali kikaoni walikuwa na jambo hili moyoni, nasi twakubali kwamba wamesema kweli.

Alifariki mwaka 1916 kwa homa aliyoipata katika safari ya biashara ya Kongo, akiwa mtu wa makamo aliyekwisha pita miaka 60 na asiyekubali kukaa barazani. Biashara haikudumu baada yake. Katika miaka michache maduka yale yaliingia mikononi mwa wengine. Kilichodumu ni shule ambayo mwanawe, Abdul Rasul, aliijenga Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake katika miaka ya 1920. Kwa muda mrefu ilikuwa ya watoto wa Kihindi peke yao, wala mtoto wa Mpokomo au wa Muorma asingeweza kukalia dawati lake. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, na leo Shule ya Allidina Visram yapokea watoto wa kila kabila la pwani.

Kuhusu mfuko wetu wa mikopo kwa wenye maduka madogo, kikao kimekubali kwamba mwenye kukopa asiulizwe kabila wala ukoo, ila aulizwe daftari lake la madeni na majirani wanaomfahamu. Maombi yafikishwe kwa katibu kabla ya mvua za masika.