Adolphe Sax: Fundi wa Shaba Aliyefilisika Mara Tatu

Wahenga walinena kuwa mwana wa muhunzi asiposana huvuvia. Mtu ninayetaka kuwasimulia leo, wasomaji wapenzi, aliyafanya yote mawili: aliisana shaba kwa mikono yake, na akaivuvia kwa kinywa chake. Jina alilopewa na wazazi wake ni Antoine-Joseph Sax, lakini ulimwengu wamjua kwa jina la Adolphe. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 mjini Dinant, katika nchi ambayo sasa yaitwa Ubelgiji. Dinant ni mji uliosifika tangu kale kwa wafua shaba, na baba yake, Charles-Joseph Sax, alikuwa fundi wa ala za muziki aliyefikia cheo cha kuitengenezea ala nyumba ya mfalme.

Utoto wake ulikuwa wa ajabu. Yasimuliwa kwamba alianguka kutoka ngazini akaumia kichwa, akameza sindano, akaungua moto, akanywa maji yenye sumu akidhani ni maziwa, na siku moja akaokolewa mtoni akiwa karibu kufa maji. Mamake alikwisha kukata tamaa naye, na majirani wakawa wakimwita kizuka. Lakini asiyefikiwa na siku yake hafi, na kijana akakua. Mjini Brussels alisomea filimbi na klarineti, na katika karakana ya babake akajifunza kukata, kuchoma na kunyosha shaba. Mwaka wa 1838 alipata hati ya serikali kwa klarineti ya sauti nzito aliyoitengeneza upya, ikawa tamu na rahisi kupigwa kuliko zile za awali.

Twasema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Sax hakutuzwa kwao. Katika maonyesho ya Brussels ya mwaka wa 1841 waamuzi waliziona kazi zake kuwa bora, lakini wakamnyima nishani ya dhahabu kwa hoja kwamba angali kijana mno. Mwaka uliofuata akafunga safari kwenda Paris, mfuko mtupu na kichwa tele. Huko akampata rafiki mmoja aliyemfaa sana, naye ni mtunzi Hector Berlioz, ambaye pia alikuwa mwandishi wa magazeti. Berlioz alimwandikia makala ya sifa mwezi wa Juni 1842, na jina la fundi huyu mgeni likaenea mjini kote.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana hapo ndipo ulipo ufundi wake. Tarumbeta ya zamani isiyo na vifungo hutoa sauti chache tu, zile ambazo bomba lake lazikubali. Mafundi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kubuni vali, yaani vifungo vinavyoifungulia pumzi njia ndefu zaidi ndani ya bomba, ili mpigaji apate sauti zote. Sax hakubuni vali, wala si haki kumpa sifa hiyo. Alilofanya yeye ni kutengeneza ukoo mzima wa ala za shaba zenye umbo moja: ndogo yenye sauti kali kama ya mtoto, kubwa yenye ngurumo kama ya babu, na zilizo baina yao kila moja kwa kimo chake. Ziliitwa saksihoni. Vidole vilikwenda namna moja katika zote, hata mtu aliyejua kupiga moja aliweza kuishika nyingine bila kuanza tena alifu kwa ujiti.

Waliozitia saksihoni hizo katika masikio ya watu walikuwa watu watano wa nyumba moja. Alikuweko Mwingereza, John Distin, mpiga tarumbeta hodari aliyepata kutumika katika bendi ya Mfalme George wa Nne. Alikuwa na wana wanne: George, Henry, William na Theodore. Baba na wanawe walizunguka miji wakipiga ala za shaba mbele ya wenye kulipa viingilio, na riziki yao yote ilitoka katika pumzi zao. Mwaka wa 1844 walikutana na Sax mjini Paris. Walipozijaribu ala zake waliziacha walizokuwa nazo, wakaondoka na saksihoni, wakazipiga katika miji ya Ulaya na baadaye Marekani.

Muziki wa watano namna hii wataka uangalifu mkubwa. Katika bendi ya watu arubaini, mmoja akikosea kosa lake huzama katika kelele za wenzake. Katika watano hana pa kujificha. Tena hapana mtu wa kusimama mbele na fimbo. Hutazamana machoni, huvuta pumzi pamoja, na pumzi hiyo ndiyo ishara ya kuanza. Mimi nikiwa mtunga mashairi naona jambo hili lafanana na vina: kimoja kikilegea, beti zima huanguka.

Ushindi mkubwa wa Sax ulikuja tarehe 22 Aprili 1845, katika uwanja wa Champ de Mars. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuzifanyia matengenezo bendi za jeshi lake, ikaamuru bendi mbili zishindane mbele ya umma. Upande mmoja alisimama Carafa, mkuu wa chuo cha muziki wa jeshi, na ala za mtindo wa zamani. Upande wa pili alisimama Sax na ala zake, wapigaji wake wakiwa wachache kuliko wa mwenziwe. Maelfu ya watu walijaa uwanjani, na Sax akashinda waziwazi. Mwaka huo huo serikali ikaamuru ala zake ziingie jeshini. Mwaka wa 1846 akapata hati ya saksofoni, ala ya shaba ambayo hata hivyo hupulizwa kwa ulimi wa tete. Ni jamaa wa mbali wa nzumari yetu.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mafundi wa Paris waliokuwa wakiuzia jeshi waliona vyungu vyao vikipinduliwa na mgeni. Wakajiunga pamoja, wakachanga fedha, wakampeleka mahakamani wakidai kwamba hakuvumbua kitu. Kesi zikafuatana miaka nenda miaka rudi. Mapinduzi ya mwaka wa 1848 yalipotokea, amri iliyompa kazi ya jeshi ikafutwa. Mwaka wa 1852 akatangazwa muflisi. Alikuja kusimama tena chini ya Napoleon wa Tatu, na mwaka wa 1854 akapewa cheo cha fundi wa ala wa majeshi ya Kaizari. Lakini kila alichokipata mkono wa kulia kilitoka kwa mkono wa kushoto kwenda kwa mawakili. Wakati huo huo akapatwa na uvimbe mdomoni, mahali anapopategemea mpuliza ala. Akaugua kwa miaka kadhaa, kisha Mungu akamwafu akapona.

Toka mwaka wa 1857 alifundisha saksofoni katika chuo kikuu cha muziki cha Paris, mpaka vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka wa 1870 vilipoivunja kazi hiyo. Mwaka wa 1873 akafilisika mara ya pili, na mwaka wa 1877 mara ya tatu. Safari hiyo hata ala za kale alizokusanya umri wake wote, zaidi ya 400, zikatiwa mnadani. Akafa Paris tarehe 7 Februari 1894, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Je, hasara yake ilikuwa hasara ya kazi yake? La. Huko Uingereza, Henry Distin alikuwa wakala wake, kisha akageuka fundi mwenyewe. Wafanyakazi wa viwandani na migodini wakazipenda ala hizi, maana ni imara na hujifunzika upesi. Katika mashindano ya Belle Vue, Manchester, mwaka wa 1853, walioshinda ni bendi ya saksihoni ya Mossley, watu waliokuwa wamejifunga kutokunywa pombe. Urusi naye mhandisi Victor Ewald aliwatungia watano wa shaba muziki ambao hupigwa mpaka leo. Siku hizi kikundi cha watano huwa na tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba, na wako wanaoishi kwa kazi hiyo tu, kama walivyoishi akina Distin.

Nasi watu wa pwani hatukuwa wageni wa shaba. Siwa ya shaba ya Lamu, ipulizwayo kwa ubavuni, ilikuwako kabla Sax hajazaliwa. Na ngoma ya beni ilipozuka pwani katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za kizungu, wazee wetu walijigawa pande mbili, Kingi na Skochi, wakashindana kwa ala, mavazi na karamu mpaka wengine wakaingia katika deni. Mzee aliyeyaona mashindano yale hahitaji kuelezwa mambo ya Champ de Mars.

Nimalizie kwa jambo moja. Katika miaka ya 1990 Ubelgiji ilitoa noti ya faranga 200, na sura iliyochapwa juu yake ni ya Adolphe Sax. Noti hiyo ilitumika mpaka mwaka wa 2002, nchi ilipohamia sarafu ya euro. Mtu aliyefilisika mara tatu, na aliyenyimwa nishani kwao, watu wa kwao walimtia mifukoni baada ya miaka mia.