Helen Chadwick

Helen Chadwick (Croydon, 18 Mei 1953 – London, 15 Machi 1996) alikuwa mchongaji, mpiga picha na msanii wa chapa kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kazi zilizochunguza mwili wa mwanamke, akianza na mwili wake mwenyewe. Alitumia vifaa ambavyo wengi wa wakati wake hawakuvihesabu kuwa vya sanaa: mashine ya fotokopi, mbao zilizochapwa picha, hadubini, kompyuta, nyama na hata chokoleti. Mwaka 1987 yeye na mchoraji Thérèse Oulton walikuwa wasanii wa kwanza wa kike kuingia katika orodha ya wanaowania Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya kisasa nchini humo.

Maisha ya awali na elimu

Mama yake Chadwick alikuwa Mgiriki na baba yake Mwingereza. Wazazi hao walikutana mjini Athens wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baada ya vita wakaishi Croydon, kusini mwa London. Chadwick alisoma katika chuo cha sanaa cha Croydon, kisha Brighton Polytechnic kuanzia 1973 hadi 1976, na hatimaye Chelsea School of Art mjini London, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1977.

Katika vyuo vya sanaa vya Ulaya, kwa muda mrefu mwanamke aliye uchi alikuwa kitu cha kutazamwa na kuchorwa, na aliyeshika brashi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Chadwick alitaka kuwa pande zote mbili, yaani anayetazamwa na anayetengeneza picha. Kwa onyesho lake la kuhitimu Chelsea alitengeneza In the Kitchen (Jikoni), ambamo wanawake walivaa vyombo vya nyumbani kama nguo: jiko, friji, mashine ya kufulia na sinki, vyote vikiwa vya plastiki laini iliyovutwa juu ya fremu za chuma. Mwili na kifaa viliungana kiasi cha kuonekana kitu kimoja, na mtazamaji aliachiwa swali la nani anamtumikia nani.

Baada ya masomo alihamia Beck Road, mtaa wa Hackney ulioko mashariki mwa London. Hapo wasanii kadhaa waliishi katika nyumba za zamani zilizokuwa zimepangiwa kubomolewa. Nyumba yake ilikuwa pia karakana yake.

Picha juu ya mbao

Kazi yake Ego Geometria Sum (1982–1983) ilisimulia maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufikia umri wa miaka 30. Alitengeneza maumbo ya plaiwudi yanayofanana na vitu alivyopitia: mashine ya kutunzia mtoto njiti, kigari cha mtoto, kitanda, piano, farasi wa mazoezi ya viungo na kadhalika. Kisha alipaka mbao hizo dawa inayohisi mwanga, akachapa juu yake picha za mahali alipokulia pamoja na picha za mwili wake mtu mzima, ukiwa umejikunja ili utoshe ndani ya kila umbo.

Kwa njia hiyo picha haikuwa tena karatasi ya kutundika ukutani. Ilikuwa na uzito, ikachukua nafasi sakafuni, na mtazamaji alilazimika kuizunguka. Mwili wa mtu mzima uliobanwa ndani ya kitu cha mtoto ulionyesha jinsi kila mtu anavyofinyangwa na nyumba, shule na dini kabla hajaanza kujiamulia mambo yake.

Of Mutability na mashine ya fotokopi

Kazi iliyompa jina kubwa ni Of Mutability, inayohusu hali ya vitu kubadilika na kupita. Aliitengeneza kati ya 1984 na 1986, na mwaka 1986 ikaonyeshwa katika Institute of Contemporary Arts mjini London. Sehemu yake kuu inaitwa The Oval Court.

Chadwick alilala juu ya kioo cha mashine ya fotokopi na kujipiga picha sehemu baada ya sehemu. Vilevile aliweka juu ya kioo maua, matunda, vitambaa na wanyama waliokufa, wakiwemo mwanakondoo, bata bukini na samaki. Kwa kuwa kioo cha mashine ni kidogo kuliko mwili wa binadamu, karatasi nyingi ziliunganishwa ili kupata mtu mzima mmoja. Kwa wino wa bluu alijenga picha 12 za mwili wake zinazoonekana kama zinaelea katika bwawa, akazilaza kwenye jukwaa la chini na kuweka juu yake matufe matano ya rangi ya dhahabu. Ukutani zilipangwa nguzo zilizochapwa, na juu yake nyuso zake zikitoa machozi.

Fotokopi ina tofauti moja muhimu na kamera. Kamera hutazama kwa mbali, lakini fotokopi huhitaji kitu kiguse kioo. Kwa hiyo ngozi inaonekana imebonyea pale ilipogusa, na kila kilicho mbali kidogo huzama gizani. Kwa maana hiyo picha hizo zinakaribia zaidi chapa ya kidole kuliko picha ya kawaida.

Pamoja na uzuri huo palikuwa na Carcass (Mzoga), mnara wa kioo uliojazwa mimea na mabaki yaliyoendelea kuoza machoni pa wageni. Mnara ulianza kuvuja ikabidi uondolewe katika ukumbi. Hata hivyo ujumbe wake ulikuwa umeeleweka: raha na kuoza ni vya mwili uleule.

Lawama na mabadiliko

Of Mutability ilisifiwa sana, lakini baadhi ya watetezi wa haki za wanawake waliikosoa. Walidai kwamba kuonyesha mwili wa mwanamke kijana ukiwa uchi na wa kupendeza ni kurudia kosa lilelile la wachoraji wa kiume, hata kama aliyeutengeneza ni mwenye mwili. Kwa Chadwick lawama hiyo ilikuwa nzito, kwa kuwa ilitoka upande wake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliacha kuonyesha umbo la mwili wake kwa nje.

Hakuacha somo lake; aliingia ndani ya ngozi. Katika Viral Landscapes (1988–1989) alichanganya kwa kompyuta picha za pwani ya Pembrokeshire, Wales, na picha za hadubini za seli za mwili wake. Zama zile hofu ya UKIMWI ilikuwa imetanda, na virusi vilitajwa kama adui anayevamia. Yeye alivionyesha kama mahali ambapo mwili na ulimwengu vinakutana. Katika Self Portrait (1991), picha inayowashwa kwa taa ya nyuma, hakuna uso: ni mikono iliyoshika ubongo. Mtazamaji hana jinsia, umri wala uzuri wa kuhukumu.

Mwaka 1991, akiwa Banff nchini Kanada, yeye na mwenzi wake David Notarius walikojoa katika theluji, na mashimo yaliyotokea yakamiminiwa plasta. Baadaye yalitengenezwa kwa bronzi yenye rangi nyeupe kuwa Piss Flowers, maua 12. Mkojo wa mwanamke, ulioshuka mahali pamoja kwa nguvu, ndio uliotoa mhimili mrefu wa katikati. Ule wa mwanamume ulitoa duara dogodogo za pembeni. Jinsia zilikuwa zimebadilishana maumbo. Maua hayo yalikuwa katika onyesho lake la Serpentine Gallery mwaka 1994, pamoja na Cacao, chemchemi ya chokoleti iliyochemka ukumbini.

Kazi ya mwisho na kifo

Katika miaka yake ya mwisho alifanya kazi na kitengo cha kutungisha mimba cha hospitali ya King's College, London. Alipiga picha viinitete ambavyo havikufaa kupandikizwa, akavipanga kama vito katika mfululizo ulioitwa Unnatural Selection. Alitaka watu wajiulize kwa vigezo gani uhai mmoja huchaguliwa na mwingine huachwa.

Alifariki ghafla kwa tatizo la moyo tarehe 15 Machi 1996, akiwa na umri wa miaka 42.

Urithi

Chadwick alifundisha katika vyuo kadhaa vya London, na mafunzo yake yaliathiri kizazi cha wasanii vijana wa Uingereza waliovuma miaka ya 1990. The Oval Court imehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na madaftari yake yako katika Henry Moore Institute, Leeds. Mwaka 2004 ukumbi wa Barbican uliandaa onyesho kubwa la kazi zake. Siku hizi msanii anayetumia mwili wake pamoja na mashine ya ofisini au ya hospitali hashangazi watu kama zamani. Helen Chadwick ni mmoja wa waliofungua njia hiyo.