Baden-Powell: Hadithi na Kanuni za Mchezo

Wanafunzi wenzetu, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio pande zote mbili za mpaka, hapana skauti wa Busia wala Tororo asiyelijua jina la Baden-Powell. Lakini ni wachache wajuao jinsi alivyoutunga mchezo wake. Katika maisha yake twaweza kupata jibu la swali tunaloshindania mara nyingi: mchezo hupendwa kwa ajili ya kanuni zake, au kwa ajili ya hadithi iliyouvika?

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mtoto akiwa na miaka 3. Alisoma Charterhouse, na huko alikuwa na desturi ya kujipenyeza katika kijisitu kilichokatazwa, akinyatia wanyama na kujihadhari walimu wasimwone. Mchezo huo haukuwa na kanuni zilizoandikwa. Ulikuwa na msitu tu, na msitu ulitosha.

Mwaka 1876 aliingia jeshi la farasi akapelekwa India, kisha Afrika. Katika Vita vya Makaburu aliulinda mji wa Mafeking, uliozingirwa siku 217 tangu Oktoba 1899. Wavulana wa mji walivikwa sare wakapewa kazi ya kupeleka habari. Yatupasa kusema pia kwamba Waafrika wa mji ule walipata njaa kali kuliko Wazungu. Hali kadhalika, mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, chifu Uwini aliyekuwa amekwisha kutekwa alipigwa risasi kwa amri yake. Sifa za mtu zisitufumbe macho.

Aliporudi Uingereza mwaka 1903 alikuta kijitabu alichowaandikia askari kinatumiwa na walimu. Basi Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, akawagawa vikosi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kwa wavulana. Sheria ya skauti ilikuwa na vifungu 9. Cha 10 kiliongezwa mwaka 1911.

Lakini alijua kwamba sheria peke yake haimtoi mtoto nyumbani. Kila fundisho alilivika hadithi. Tazama mchezo wake wa magendo mpakani: kikosi kimoja hulinda mstari, kingine hujaribu kuvuka, na mwenye mzigo hutambulikana kwa nyayo zake. Ukiondoa mpaka na magendo, hubaki timu mbili na mstari. Kanuni ni zile zile, ila hamu imekwisha.

Skauti wadogo walimthibitishia jambo hilo. Kwanza walipewa mazoezi ya wakubwa yaliyopunguzwa uzito tu. Mwaka 1916, akisaidiwa na Vera Barclay, aliwapa kitu kingine kabisa: mwitu wa Mowgli, kutoka kitabu cha Rudyard Kipling. Mtoto hakuambiwa tena kuwa yeye ni skauti asiyekamilika. Aliambiwa kuwa ni mtoto wa mbwa mwitu, na kiongozi wake ni Akela. Vivyo hivyo, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wamekuwa wakibishana: tumevutwa na nchi ya kubuniwa, au na hesabu za dadu?

Hapa kwetu ubishi huu una uzito wake. Mtoto wa Busia akicheza magendo, mpaka si wa kubuni. Pengine mama yake hupitisha mahindi kwa njia za panya. Kanuni humfundisha kucheza kwa haki, lakini ni hadithi imwambiayo nani shujaa na nani adui, tena humwambia pasipo yeye kutambua. Kwa hiyo hadithi yataka kuchaguliwa kwa uangalifu kuliko kanuni.

Mwaka 1938 Baden-Powell alihamia Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake laelekea Mlima Kenya, na juu yake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kwamba mtu amekwenda nyumbani.

Na mchezo wake umefanywaje? Skauti wa Kenya wameshika ahadi na sheria, lakini wadogo wao hawaitwi tena watoto wa mbwa mwitu, huitwa Sungura. Mnyama wa hadithi ya Kipling amempisha yule ambaye kila bibi amemsimulia. Kanuni ni mifupa, hadithi ni nyama na ngozi. Mifupa twaweza kuipokea kwa wageni. Sura na iwe yetu.