Wally Parks: Mlezi wa mbio za kasi aliyewakinga madereva kwa vizimba vya chuma

WALLY Parks alipofariki dunia mnamo Septemba 28, 2007, katika mji wa Burbank, jimbo la California nchini Marekani, alikuwa amehitimu umri wa miaka 94. Siku tano kabla ya kifo chake, dereva mashuhuri John Force alikuwa ametolewa akiwa hai katika mabaki ya gari lake lililokatika vipande viwili uwanjani Ennis, Texas.

Force aliumia vibaya mikononi na miguuni, lakini alipona na kurejea mashindanoni mwaka uliofuata. Kilichomwokoa ni fremu ya mabomba ya chuma iliyomzunguka pande zote, mfano wa kizimba, ambayo ilikuwa imefanyiwa marekebisho miezi michache tu awali.

Parks hakubuni kizimba hicho. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeasisi chama kilichokifanya kuwa sharti, na ndiye aliyetumia zaidi ya nusu ya maisha yake kuwashawishi vijana wapenda kasi kwamba gari lisilomlinda dereva halistahili kuondoka mstarini.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo hufyatuka kwa pamoja kwenye barabara iliyonyooka yenye urefu wa robo maili, yaani takribani mita 402. Atakayefika wa kwanza ndiye mshindi. Hakuna kona wala mzunguko wa pili, na shughuli nzima humalizika kwa sekunde chache.

Wally Parks alizaliwa Januari 23, 1913, katika kijiji cha Goltry, jimbo la Oklahoma. Angali mtoto, familia yake ilihamia California, na huko ndiko alikoingiwa na mapenzi ya magari.

Katika miaka ya thelathini, vijana wa California walikuwa na desturi ya kununua magari makuukuu, kuyavua mabati, viti na chochote kilichoongeza uzito, kisha kuzifanyia kazi injini zake hadi zingurume kwa nguvu mpya. Magari hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa hot rod. Waliyapeleka katika jangwa la Mojave, kwenye ziwa kavu la Muroc, ili kupima kasi yake. Parks alikuwa miongoni mwao.

Mnamo 1937, vilabu vya vijana hao viliungana na kuunda shirika la SCTA lililosimamia majaribio ya kasi jangwani. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Parks alijiunga na jeshi la nchi yake na kuhudumu katika eneo la Pasifiki, ikiwemo Ufilipino. Aliporejea, alipanda ngazi hadi kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa SCTA, na mnamo 1949 shirika hilo likaandaa wiki ya kwanza ya kasi katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah.

Mwaka huo huo alikabidhiwa uhariri wa jarida la Hot Rod, lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja awali. Kalamu ikawa silaha yake.

Silaha hiyo ilihitajika mno. Si kila kijana aliyeweza kufika jangwani, na wengi walishindana usiku katika barabara za umma. Ajali zilitokea, polisi wakawaandama na magazeti yakawataja kama wahuni. Baadhi ya viongozi walitaka mchezo huo upigwe marufuku kabisa.

Parks aliona njia nyingine. Iwapo vijana wangepewa mahali salama pa kushindania, wakawekewa kanuni na kukaguliwa magari yao, wangeacha barabara za umma kwa hiari. Mnamo 1951 aliasisi chama cha NHRA akiwa rais wake wa kwanza. Mashindano ya kwanza rasmi ya chama hicho yalifanyika Aprili 1953 katika eneo la kuegesha magari la uwanja wa maonyesho wa Pomona, California, kwa ushirikiano na polisi wa mji huo.

Mwaka uliofuata, NHRA ilituma kikosi cha watu wanne kuzunguka Marekani kwa gari moja lililovuta trela. Kiongozi wao, Bud Coons, aliwahi kuwa polisi wa Pomona. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha vijana wa miji mbalimbali namna ya kutayarisha uwanja, kupima muda na kukagua magari kabla ya mashindano. Mnamo 1955, mashindano ya kwanza ya kitaifa yaliandaliwa Great Bend, jimbo la Kansas, ingawa mvua iliyavuruga na fainali ikalazimika kukamilishwa Arizona.

Parks mwenyewe hakuwa kiongozi wa mezani tu. Mnamo 1957 aliendesha gari aina ya Plymouth kwenye mchanga wa ufuo wa Daytona, Florida, kwa kasi ya karibu kilomita 257 kwa saa.

Ukaguzi wa magari ndio uliokuwa uti wa mgongo wa kazi yake. Hapo mwanzo, kinga dhidi ya gari kupinduka ilikuwa upinde mmoja wa chuma uliosimikwa nyuma ya kichwa cha dereva. Kadiri injini zilivyopata nguvu, ndivyo ilivyodhihirika kwamba upinde huo hautoshi. Gari linalobingirika mara kadhaa humponda dereva kutoka mbele na ubavuni pia. Hivyo upinde ukaongezewa nguzo za mbele, mabomba ya juu na ya mlangoni, hadi ukawa kizimba kamili.

Kanuni za NHRA huamua kinga inayohitajika kwa kuangalia muda na kasi ya gari. Kwa kawaida, gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 10.99 au chini ya hapo, au linalofikia kilomita 217 kwa saa, hulazimika kuwa na kizimba kamili, ingawa baadhi ya magari mapya ya kiwandani yamelegezewa sharti hilo. Lile lenye kasi ndogo kidogo huruhusiwa kutumia upinde uliotiwa mihimili.

Mwenye gari huwa na uamuzi wa kwanza wa kufanya, nao ni aina ya chuma. Akichagua chuma cha kawaida, bomba la upinde mkuu lenye kipenyo cha milimita 44 hutakiwa liwe na unene wa milimita tatu. Akichagua chuma kilichochanganywa na kromu na molibdenamu, unene wa milimita mbili na ushei hutosha, kwa kuwa chuma hicho ni imara zaidi. Gari huwa jepesi, na wepesi ni ushindi. Lakini gharama hupanda, na kanuni hudai mabomba hayo yaungwe kwa uchomeleaji wa TIG, ambao unahitaji fundi mwenye mkono mtulivu. Chuma cha kawaida huruhusiwa kuungwa pia kwa mashine ya MIG iliyozoeleka katika karakana nyingi.

Uamuzi wa pili ni namna ya kukiweka. Katika gari lisilo na chasisi ya pekee, miguu ya kizimba haichomelewi moja kwa moja kwenye sakafu nyembamba, kwani ingeitoboa wakati wa kishindo. Hutangulizwa vibao vya chuma vya sentimita 15 kwa 15 ili kusambaza uzito. Upinde mkuu nao hutakiwa uzidi helmeti ya dereva kwa walau sentimita saba na nusu, na bomba la ubavuni lipite kati ya bega na kiwiko chake. Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu hupima dereva akiwa ameketi kitini, amevaa helmeti na kufunga mkanda, kabla ya kukata bomba la kwanza.

Baada ya hapo huja sponji ngumu ya kufunika kila bomba ambalo helmeti inaweza kuligonga. Wapo wanaoliona hilo kuwa jambo dogo. Historia imethibitisha kinyume chake.

Mnamo Machi 1970, giaboksi ya gari la Don Garlits ililipuka katika uwanja wa Lions, California, na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Alipopona, Garlits aliunda gari lenye injini nyuma ya dereva, na ushindi wake wa mwaka 1971 ukawafanya wenzake katika daraja la juu kumwiga.

Naye Eric Medlen, dereva wa kikosi cha John Force, alipata ajali akifanya majaribio Gainesville, Florida, Machi 19, 2007. Tairi lilisababisha mtikisiko mkali uliokipigiza kichwa chake ndani ya kizimba, na siku nne baadaye akaaga dunia. Kizimba hakikuvunjika, bali kilikuwa kimembana kupita kiasi. Kikosi hicho kilipanua nafasi ya kichwa na kuongeza sponji. Marekebisho hayo ndiyo yaliyokuwamo garini mwa Force alipopata ajali Septemba mwaka huo.

Parks aliuongoza NHRA kama rais hadi 1984, kisha akawa mwenyekiti wa bodi. Tangu 1969, washindi wa mashindano ya chama hicho hutunukiwa sanamu ndogo iitwayo Wally kwa heshima yake, na makavazi ya magari yaliyofunguliwa Pomona mnamo 1998 yanabeba jina lake.

Wakenya waliozoea kutazama Safari Rally wanavifahamu vizimba vya aina hii, maana magari mengi yamepinduka vumbini na madereva wake wakatoka wakitembea. Hata hivyo, kizimba hakimfai anayeshindana usiku katika barabara ya umma, ambako mwenda kwa miguu hana cha kumkinga. Hilo ndilo fundisho ambalo Parks aliwahubiria vijana wa California zaidi ya miaka 70 iliyopita, kwamba kasi ina mahali pake, na hata hapo haiendi bila kinga.