Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji wa Rangi za Baiskeli

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika ukoo wa wakulima wasio na kitu. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kibarua katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako miongoni mwa kazi nyingine alitunza bustani ya Mzungu.

Alianza kuchora mnamo 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36. Turubai na rangi za wachoraji zilikuwa ghali. Kama afanyavyo fundi wa jua kali wa Kibera au Kawangware, alishika kilichokuwa karibu: vipande vya hadibodi ya dari na rangi ya kupakia baiskeli. Juu yake akachora chui, ndovu au ndege mmoja, asiye na kivuli, mwenye madoa mengi, aliyeujaza ubao mzima. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, na wageni wakazinunua kwa wingi. Akawafunza jamaa zake wachache. Yamkini hakufikiri kwamba anaanzisha mtindo.

Mwaka wa 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi akafa, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuiacha kazi, na mnamo 1990 ushirika wa wachoraji hao uliundwa rasmi. Jina lake lilifika hata Nairobi. Katika studio ya Homeboyz zilitengenezwa hadithi za wanyama ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa na BBC mwaka wa 2010, na wachoraji wa Dar es Salaam walishirikishwa. Mtindo huo unaufaa uhuishaji wa kompyuta kuliko mtu angedhani. Mnyama bapa, asiye na kivuli, hukatika kwa urahisi: shingo, mguu, mkia, kila kiungo peke yake, kisha viungo huzungushwa kidogo kidogo, kama vya kikaragosi cha vijiti, hadi ndovu atembee. (Neno uhuishaji lenyewe, kutoka huisha, linasema zaidi ya neno katuni.)

Mkono ulioanzisha madoa hayo ulikuwa kaburini kwa miaka 38.