Edward Steere: kutoka Little Steeping hadi Mkunazini

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaiacha na kuwa kasisi wa Kianglikana. Baadaye alipewa parokia ya Little Steeping, kijiji kidogo cha wakulima huko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Rafiki yake William Tozer, paroko wa Burgh-le-Marsh karibu na hapo, alipofanywa askofu wa misheni ya Afrika ya Kati, Steere alifuatana naye mwaka 1863. Walianzia upande wa Zambezi, lakini kazi haikufaulu. Mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Huko Steere alijifunza lugha kwa wenyeji, mmojawapo kijana aitwaye Hamisi wa Kayi. Aliandika maneno na hadithi alizosimuliwa. Mwaka 1868 alirudi kijijini kwake, na mwaka 1870, akiwa bado paroko wa Little Steeping, vitabu vyake viwili vilitoka: sarufi ya Kiswahili yenye msamiati, na mkusanyo wa hadithi za Unguja.

Alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata soko la watumwa lilifungwa, na mahali pake, Mkunazini, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu. Aliwekwa kuwa askofu mwaka 1874, akafariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo.

Maisha haya yanatuhusu sisi wa Goma. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya Steere vilikuwa vimekwisha kukifungulia njia. Sanifu hicho ndicho tunachosoma hapa kitivoni, na kwa ajili yake anayesema «banasema» huambiwa anaharibu lugha. Lakini jina la sarufi ya Steere lilieleza wazi kwamba ni Kiswahili jinsi kinavyosemwa Unguja. Miaka ileile misafara ya pwani ilikuwa inakifikisha Kiswahili Manyema, nacho kikaanza kukua kwa namna yake. Mpaka aliouweka Steere kwenye jalada, waliokuja baada yake waliufuta.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumlaumu, wala ya kumfanya hakimu wetu. Naona afadhali tufuate kazi yake ya kwanza: tukae na wasemaji wa Birere, tuwasikilize, tuandike wanavyosema.